Kazini kuna bonanza, fulana na semina za hamasa, lakini watu wanaacha kazi. Nini kinakosekana?

#1 Mama_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Niko ofisi ya utumishi kwenye kiwanda cha vifungashio, Barabara ya Nyerere, Dar. Uongozi umetutaka tuandike mpango wa ustawi wa wafanyakazi wa mwaka ujao. Fungu la mwaka huu liliishia kwenye bonanza la michezo, fulana na semina ya mtu wa kuhamasisha. Siku ile watu walifurahi kweli. Lakini waendesha mitambo wazuri wameendelea kuondoka, wanaobaki wanaleta vyeti vya daktari mfululizo, na akina mama wa kitengo cha kupanga maboksi nimewakuta wakilia chooni.

Hoja yangu naiweka mezani mnipinge: kinachomchosha mfanyakazi kuliko vyote ni kutojua kesho yake. Kwetu zamu zinabandikwa ukutani Jumamosi jioni, wiki inaanza Jumapili. Mtu hawezi kupanga kliniki ya mtoto, hawezi kuahidi kwenda msibani, hawezi kujiandikisha masomo ya jioni.

Ungeambiwa uchague jambo moja tu libadilishwe kazini kwako, ungechagua lipi?

#2 Kijiko_Bila_Mboga

Mshahara. Nimemaliza.

#3 Chuma_Hakilali

Namba 2 hajakosea. Unamweleza habari za ratiba mtu ambaye tarehe 12 hana nauli? Serikali imetoa kima cha chini 370,000 ikakipeleka 500,000 kuanzia Julai 2025, kwa sababu imeona tatizo liko wapi. Mpeni mtu hela, ustawi wake atajipangia mwenyewe.

#4 Wakili_wa_Kijiweni

Mkuu Chuma, hiyo 500,000 ni ya utumishi wa umma. Sekta binafsi ina amri yake ya kima cha chini, tena inakwenda kisekta: wa kiwandani ana chake, wa majumbani ana chake, mlinzi ana chake. Mama_Zamu yuko kiwanda binafsi, kwa hiyo usimpe matumaini ya jedwali lisilomhusu.

#5 Kaunta_Namba_Tano

Nilifanya kazi benki. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa wengi niliosoma nao, na niliacha. Meneja wetu alikuwa na grupu la WhatsApp la malengo. Saa 4 usiku anatuma jedwali: nani kafungua akaunti ngapi, walio mkiani majina yao yamepakwa nyekundu mbele ya kila mtu. Nikawa nashtuka usiku wa manane kuangalia simu. Mume wangu akaanza kuificha. Hela ilikuwepo, usingizi haukuwepo. Mimi ningechagua bosi mwenye staha.

#6 Chuma_Hakilali

Pole sana dada. Lakini uliweza kuacha kwa sababu ulikuwa na akiba. Mpakia mizigo akitukanwa anameza, kesho asubuhi yuko getini. Ndiyo maana nasema hela kwanza. Hela ndiyo inayompa mtu mdomo wa kusema "hapana, usiniite hivyo".

#7 Nesi_Wa_Usiku

Nyote mna hoja. Mimi ningechagua mtu wa pili.

Usiku niko peke yangu wodini. Mgonjwa mmoja anabadilika hali, mwingine dripu imeisha, ndugu wa tatu anagonga dirisha. Ukienda kwa huyu unamwacha yule, na ukirudi nyumbani akili inabaki kule: je, ningeanza na yule? Hakuna semina ya kuvuta pumzi inayoondoa hilo. Niongezewe hata posho mara mbili, bado nina mikono miwili.

Asante kwa uzi huu. Watu wa afya tunaambiwa kazi yetu ni wito, halafu wito unageuzwa sababu ya kutotuajiria wenzetu.

#8 Mzee_Ghalani

Nesi, Mungu akulinde.

Mimi ni mtunza ghala wa siku nyingi. Vijana hamchukui likizo, hapo ndipo mnapoumia. Sheria inampa kila mfanyakazi siku 28 za kazi kwa mwaka, zaidi ya mwezi mzima. Chukueni, nendeni kijijini mkalale.

#9 Wakili_wa_Kijiweni

Shikamoo mzee. Ushauri ni mzuri, ila tuuweke sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 28 *mfululizo*, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa. Jumapili zimo, Idi imo, Krismasi imo. Ni wiki 4 kamili.

Na wengi hawajui hili: mwajiri ana haki ya kupanga lini uende, lakini haruhusiwi kuisogeza kupita miezi 6 baada ya mwaka wako wa likizo kuisha. Ukikubali mwenyewe na kazi ikiwa kweli inalazimisha, inaweza kwenda hadi miezi 12. Ile "utaenda kazi ikipungua" ya kila mwaka haimo kwenye sheria.

Mengine kwa ufupi: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, unastahili mapumziko ya dakika 60. Ovataimu ni mara moja na nusu, haizidi saa 50 ndani ya wiki 4. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

#10 Supavaiza_Mpole

Hiyo ovataimu ya mara moja na nusu mimi sijawahi kuiona. Naingia saa 12 asubuhi, natoka saa 2 usiku. Nikiuliza naambiwa "wewe ni uongozi".

#11 Wakili_wa_Kijiweni

Mkuu namba 10, inategemea. Sehemu ile ya sheria ya saa za kazi haimhusu mtu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri *na* anaripoti moja kwa moja kwa mmoja wa uongozi wa juu. Masharti yote mawili yatimie. Kama juu yako kuna msimamizi mwingine wa zamu, halafu ndiye anaripoti juu, basi kuitwa supavaiza hakukuondolei ovataimu. Kaangalie kwanza unaripoti kwa nani.

#12 Pwani_Salama

Hamjambo wadau, niko Mombasa, hotelini. Kwetu sheria ya ajira ya 2007 inatoa likizo ya siku 21 za kazi, na anayefanya kazi siku tano kwa wiki anazidi wiki nne kidogo. Kwa hiyo Mzee_Ghalani, hiyo hesabu yako ya siku za kazi inafanana na ya kwetu. Baba akipata mtoto anapewa wiki mbili. Nasikia huko kwenu ni siku chache?

Kuhusu simu za usiku za dada wa benki: hapa Kenya mwaka 2022 Seneta Cherargei alipeleka muswada wa kumlinda mfanyakazi asisumbuliwe nje ya saa za kazi. Ufaransa wana sheria ya namna hiyo tangu Januari 2017, kampuni yenye watu 50 na zaidi lazima ikae na wafanyakazi wajadili saa za kuachana na simu. Hotelini lakini sijui ingefanyaje kazi, mgeni anaweza kufika saa yoyote.

#13 Kijiko_Bila_Mboga

Baba siku 3. Na uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, siku ya nne nikawa nasukuma toroli la marobota huku simu ikiita kutoka hospitali. Nilisema mshahara, na sirudi nyuma, lakini hizo siku zingekuwa 14 ningeshukuru.

#14 Mzee_Ghalani

Hongera kwa mtoto.

Mama_Zamu, chakula chenu kikoje? Hamjakigusa. Mtu anayetoka Chanika saa 10 alfajiri hali kitu mpaka saa 7 mchana. Siku tulipoanza kupewa uji na chapati saa 4, ajali za folklifti zilipungua kwa macho yangu.

#15 Kijiko_Bila_Mboga

Chakula kazini? Maharage yale yale Jumatatu mpaka Jumamosi! Tupewe hela yake mkononi.

#16 Binti_Pangani

Kijiko, sasa jina lako limepata uzi wake 😄

Lakini hapana, msipewe hela. Nimepika kantini ya kiwanda. Walipobadilisha kuwa posho ya chakula, ile hela ikaenda ada na vocha, watu wakashinda na soda na mandazi. Kinadada wawili walizirai kwenye joto mwezi ule ule. Rudisheni sufuria, badilisheni mboga. Samaki mara moja, mchicha, maharage yaungwe nazi. Tatizo ni mpishi kupewa bajeti ya maharage tu.

#17 Chuma_Hakilali

Dada wa Pangani, hapo unamchukulia mtu mzima kama mtoto. Akiamua kula mandazi apeleke ada, ameona ada ni muhimu zaidi. Tena umethibitisha hoja yangu: mshahara hautoshi, ndiyo maana hela ya chakula inakuwa ada.

#18 Binti_Pangani

Hela ikiwa haitoshi, chakula ndicho cha kwanza kuibiwa. Kikiwa kwenye sahani hakiibiwi. Sijui kama tunapingana au tunasema jambo moja.

#19 Mtafiti_Kando

Uzi mzuri. Naomba niongeze yaliyochunguzwa.

Uingereza kulikuwa na utafiti wa watumishi wa serikali uitwao Whitehall, ulianza 1967. Michael Marmot na wenzake waligundua kwamba wanaume wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya walio juu. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, wote ofisini, na sigara na presha hazikueleza tofauti yote. Utafiti wa pili, wa kuanzia 1985, ukaonyesha kwamba mtu asiye na sauti juu ya kazi yake (lini afanye, afanye vipi, apumzike saa ngapi) yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya moyo. Hilo linamuunga mkono Mama_Zamu moja kwa moja.

Pili, 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi, ILO, walitoa makadirio: anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Supavaiza_Mpole, saa 12 mpaka saa 2 ni saa 14 kwa siku. Nakuomba ukapime presha wiki hii.

Tatu, 2024 William Fleming wa Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 wa Uingereza. Waliohudhuria mafunzo ya kutuliza akili, kozi za ustahimilivu na programu za simu hawakuwa na hali bora kuliko wasiohudhuria. Kwa hiyo yule mtu wa hamasa si tatizo lenu peke yenu.

#20 Jicho_la_Tatu

Mtafiti, asante, ila usimzidishie Fleming. Alilinganisha watu kwa wakati mmoja, hakuwafuata kabla na baada. Inawezekana waliojiandikisha kozi ndio waliokuwa wamechoka zaidi tangu mwanzo. Na umeruka kitu: kujitolea kusaidia jamii kulionekana kuambatana na hali nzuri kidogo. Semina haijathibitishwa kuwa haina kazi, imekosa ushahidi wa kuisimamia.

#21 Chuma_Hakilali

Na hao wa Whitehall walikuwa na pensheni, matibabu bure na nyumba zenye maji. Ukishashiba ndipo unaumwa kukosa sauti. Njoo Vingunguti uulize.

Nikuambieni nini kinawaliza akina mama chooni, kwa sababu kazini kwetu nilikuwa mwakilishi wa tawi la chama nikawasikiliza: kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Mtu kakopa laki mbili kumtibu mtoto, kila siku anarejesha, akichelewa wanakuja watu wawili kwenye pikipiki mpaka getini. Anapanga maboksi huku anachungulia geti. Utampa ratiba ya zamu hata ya mwaka mzima, bado atachungulia geti.

Tulichofanya: tulianzisha SACCOS, tukamwomba mwajiri akate kwenye mshahara na atoe mtaji wa kuanzia. Riba ndogo, mkopo wa dharura unatoka siku hiyo hiyo. Wale wa pikipiki walipungua. Huo kwangu ndio ustawi.

#22 Mwalimu_Shambani

Chuma, hapo umenigusa. Sisi walimu angalau kuna utaratibu kwamba makato yote hayatakiwi kuacha chini ya theluthi moja ya mshahara. Lakini wanaokopa mtaani kwa kadi ya benki hawakatwi kwenye mshahara, kwa hiyo theluthi haiwalindi. Kadi inakaa kwa mkopeshaji, mwisho wa mwezi mwalimu anamfuata kuomba nauli ya hela yake mwenyewe. Sekta binafsi huko kuna kinga gani?

#23 Mama_wa_Mapacha

Naingia na la akina mama, maana mnataja wanaolia chooni kana kwamba wote wanalia kwa mkopo.

Mimi nililia kwa sababu ya maziwa. Likizo ya uzazi ni siku 84, wenye zaidi ya mtoto mmoja ni 100. Ukirudi, sheria inasema mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Vizuri. Mtoto yuko Mbagala, mimi niko Mikocheni. Saa 2 hizo zinaishia kwenye daladala kabla sijamfikia. Nilikuwa nakamua chooni, namwaga, kifua kinauma mpaka naona giza.

Kilichoniokoa ni mhasibu wetu mama mtu mzima. Alikwenda kwa mkurugenzi akasema: huyu saa zake 2 aziweke mwisho wa siku, atoke saa 9. Na stoo ya karatasi ikawekwa kiti, pazia na friji ndogo. Gharama ilikuwa kiti. Mama_Zamu, andika hilo kabla ya mengine yote, nakuomba.

#24 Mama_Zamu

Mama_wa_Mapacha, nimeliandika. Kwetu hakuna hata kiti.

Nimerudi kwa wale kinadada wa maboksi, nikakaa nao mmoja mmoja bila daftari. Mmoja ni mkopo, kama Chuma alivyosema. Wawili ni supavaiza anayewaita majina mbele ya wavulana. Mmoja ana mtoto mdogo, na hajui Jumapili kama atapata wa kumwachia. Kila mmoja hapa amepata wake. Na mimi bado naona ratiba imepita ndani ya yote: aliyekopa hawezi kupanga biashara yake ndogo ya vitumbua, mwenye mtoto hawezi kupanga dada wa kumlea.

#25 Karakana_Ndogo

Niwasemee waajiri kidogo, nina karakana ya samani, vijana kadhaa. NSSF ya pensheni nachangia asilimia 10, WCF ya fidia kwa wanaoumia kazini ipo, OSHA wa usalama kazini ukaguzi upo, mbao zimepanda. Mkisema mshahara, ninyi mko sahihi na mimi sina. Mkisema ratiba, oda inakuja Alhamisi mteja anataka Jumamosi. Nisiwaite vijana Ijumaa usiku? Nikiikataa, anakwenda kwa jirani na mshahara wa mwezi unayumba.

Nilichoweza: feni kubwa mbili, barakoa za vumbi zinazobadilishwa, na saa ya mapumziko ambayo hakuna kukata mbao, hata mimi. Kelele zikinyamaza kwa saa moja, ugomvi wa alasiri unapungua. Hilo nimeliona.

#26 Nesi_Wa_Usiku

Karakana, Mungu akuzidishie. Vumbi la mbao nimeliona vifuani mwa watu, hizo barakoa usiache hata mwezi wa shida.

Kwa oda za ghafla: muulize kila kijana usiku gani hawezi kabisa, usiku huo usimguse. Wodini kwetu tulikubaliana hivyo wenyewe kwa wenyewe. Haikuongeza mtu wa pili ninayemlilia, lakini Jumatano zangu za kwaya zilirudi.

#27 Lindo_Geti_B

Samahanini, nimesoma uzi wote nikiwa lindoni. Mnazungumzia wafanyakazi wa kiwanda. Sisi walinzi tulioletwa na kampuni ya wakala tunahesabiwa wapi? Saa 12 kwa siku, siku 6. Bonanza tulilinda magari. Uji wa saa 4 unapita mbele yetu.

#28 Wakili_wa_Kijiweni

Ndugu Lindo, 12 mara 6 ni saa 72. Chukua 45 za kawaida, ongeza ovataimu ya juu kabisa, 50 kugawa kwa wiki 4 ni kama 12 na nusu. Unapata 57 na nusu. Zinazozidi hapo hazina mahali pa kukaa. Kuna mkataba wa maandishi unaoruhusu siku ya saa 12 bila ovataimu, lakini huo hauvuki siku 5, na saa za kawaida zinabaki 45 kwa wiki. Mwajiri wako ni wakala, madai yanakwenda kwake, na yakishindikana ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro ya kuachishwa ina siku 30, mingine siku 60, usikae.

#29 Lindo_Geti_B

Nashukuru wakili. Nikienda CMA, wakala ananihamishia lindo la Kibaha kesho yake. Mwenye kiwanda ndiye anayeniona kila siku na ndiye anayemlipa wakala. Yeye hawezi kusema neno?

#30 Mama_Zamu

Anaweza kuliweka kwenye mkataba na wakala: saa za lindo, siku ya kupumzika, na kwamba mlinzi hahamishwi kwa kudai. Wetu unaisha Machi. Kuna mtu hapa aliyewahi kuandika kifungu kama hicho kikakubalika? Uji nitauliza kesho asubuhi, huo hausubiri mkataba.

#31 Jicho_la_Tatu

Ukimbana wakala kwa saa, atapandisha bei, na mhasibu wako atatafuta wakala wa bei rahisi zaidi. Hapo ndipo vifungu vya namna hii vinapofia. Mwombe kwanza hesabu ya gharama ya kuongeza mlinzi wa tatu kwa kila geti ili saa zipungue, uione kabla hujaandika.